Daftari la Presha: Kutoka Busisi hadi Njiru

Njiru, Jumanne

Matatu imenishusha steji ya Njiru, Nairobi, saa nne asubuhi, mkononi kikapu cha dagaa wa Mwanza. Vumbi la machimbo ya mawe limelala juu ya kila kitu, hata mandazi ya kibandani. Mdogo wangu ameolewa huku, mwaka wa sita sasa, na ana mimba ya wiki 31. Nimefunga safari kwa sababu ya namba mbili alizonitumia kwa simu: 146 juu, 94 chini.

Kwetu Sengerema, Tanzania, tunasema kifafa cha mimba, hata kabla mama hajaanguka. Huku wanasema presha, basi. Naona kila jina lina ubaya wake. La kwetu linatisha, na watu wakitishika wengine humpeleka mgonjwa kwa mganga, maana kifafa wanakihesabu kuwa jambo la mapepo. La huku halimtishi mtu. Presha anayo mwenye nyumba, anayo kondakta, na wote wanakula chumvi yao kama kawaida. Jirani amemhakikishia mdogo wangu kwamba kuvimba miguu ni dalili ya mtoto wa kiume. Kwetu nako wanasema hivyo hivyo. Katika hili mpaka wa Sirari haujatutenganisha.

Kutoka steji hadi kwake ni mwendo wa dakika kumi na mbili kwa miguu. Nimehesabu vibao tisa vya kliniki na maabara. Nilipokua mimi, zahanati ilikuwa moja na mwendo wake ulikuwa wa nusu siku. Nikasema moyoni, huyu amebahatika.

Jumatano

Wingi wa vibao umenifurahisha kwa siku moja tu. Nimemsindikiza kwenye mojawapo. Wamempima ameingia tu, anahema, anaongea na simu, mkanda wenyewe haufungi vizuri mkononi. Wameandika, wamepokea pesa, wamemwita anayefuata.

Alasiri amekuja mama mmoja wa mtaa, begi mgongoni. Ni mhudumu wa afya ya jamii, CHP, huku wanawaita kwa herufi hizo. Serikali ya Kenya iliwatangaza Septemba 2023, zaidi ya laki moja nchi nzima, kila mmoja na begi lenye mashine ya presha na ya sukari. Huyu ana kibanda cha chakula na nyumba mia za kuzungukia, lakini hana haraka.

"Mum, usiongee kwanza," amemwambia mdogo wangu. "Keti hapo, mgongo uguse kiti. Miguu chini, usiikunje."

Dakika tano za kimya. Mkono ameuweka juu ya mto ili ulingane na moyo. Akapima, akangoja, akarudia: 152 kwa 98. Akaniangalia mimi, si mgonjwa.

Kilichobaki kilikuwa mkojo, kuona kama una protini. Kwenye kituo tulichokwenda vijiti vya kupimia vilikuwa vimekwisha. Tukaambiwa turudi Jumatatu. Presha haina habari na Jumatatu. Maabara ya pili imetutoza shilingi 200 na jibu likaja papo hapo: plasi mbili.

Alhamisi

Kitabu chake cha kliniki nimekisoma kurasa zote, kama mtu anayesoma barua ya deni. Mimba ya kwanza, mwaka 2021, presha ilimpanda vilevile. Mama mwenye historia hiyo anatakiwa aanzishiwe asprini ya kipimo kidogo mapema, kuanzia wiki ya 12. Inapunguza uwezekano wa presha hiyo kurudi. Ila yeye hudhurio la kwanza amelifanya mimba ikiwa ya miezi mitano. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mahudhurio manane tangu mwaka 2016. Ya mwanzo ndiyo yangemfaa zaidi, na ndiyo aliyoyakosa.

Nimemuuliza kwa nini. Amecheka kwa aibu. Mtoto wa kwanza alijifungua kwa mpango wa serikali wa Linda Mama, hakutoa senti. Tangu Oktoba 2024 mambo yamehamia kwenye bima ya SHA, na mume wake, anayepasua mawe kwa kibarua, anatakiwa kulipa mchango wa mwaka mzima kwa mkupuo. Walikuwa wanakusanya.

Kwetu kliniki ni bure, hilo tunajivunia. Halafu mama anaingia leba na beseni, glovu, pamba, uzi, wembe na doti za khanga alizonunua mwenyewe. Bure yetu ina uzito wake kichwani.

Jioni nimefanya uchunguzi wangu. Nimewauliza watu watano wa ploti hii: usiku wa manane mama akizidiwa, mnapiga namba gani? Wamenipa namba tatu tofauti. Wawili hawakuwa na yoyote. Swali hilo hilo ukiliuliza Sengerema, mtoto wa darasa la tano atakujibu: 115. Haina malipo. Anapokea mhudumu wa afya, anauliza dalili, anaamua ni hospitali ipi, na gari la wagonjwa lisipokuwepo anamtuma dereva wa kawaida wa kijijini, ambaye nauli yake inaingia kwenye simu. Huo ni mfumo wa m-mama, ulioanzia Kanda ya Ziwa kabla Rais Samia Suluhu hajauzindua kitaifa Aprili 2022. Tunazo mashine chache kuliko Njiru. Tunacho kitu cha kufanya mashine ikishasema.

Nasema hivyo nikikumbuka mwaka 2009, kabla ya namba hiyo. Binti wa shangazi yangu alianza degedege nyuma ya pikapu pale kivukoni Busisi. Kivuko kilikuwa kimeshaondoka na taa zake tulikuwa tunaziona ziwani. Hakuna aliyekuwa amemchoma dawa ya magnesi kabla ya safari. Utafiti mkubwa wa mwaka 2002, wa wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33, ulikuwa umeshaonyesha kwamba dawa hiyo inapunguza degedege kwa zaidi ya nusu. Ni chumvi ya bei rahisi: dozi ya kwanza mama anachomwa kwenye mshipa na matakoni, halafu ndipo asafirishwe. Muuguzi anagonga goti, anahesabu pumzi, anaangalia mkojo. Tulivuka alfajiri. Hatukurudi naye.

Ijumaa

Saa kumi na moja jioni kichwa kimemuuma mbele, na anaona nyota. CHP amefika kabla hatujafunga mlango: 168 kwa 112. Hakuandika kwanza, alimpigia jirani mwenye gari la Probox. Mvua, Ijumaa, Barabara ya Kangundo. Kutoka Njiru hadi hospitali ya Mama Lucy hazifiki kilomita kumi, tumetumia dakika 55. Kuanzia Saika nilikuwa ninaongea naye tu ili nisikie sauti yake. Magnesi amechomwa dakika chache baada ya kupokelewa, pamoja na sindano ya kukomaza mapafu ya mtoto.

Wiki ya tatu

Walimlaza, wakampima mchana na usiku, wakamsukuma hadi wiki ya 34. Msichana, kilo 1.9. Analala kifuani kwa mama yake, kwa mtindo wa kangaruu, na miguu ya mama imerudi kuwa miguu. Jirani hajasema kitu kuhusu mtoto wa kiume.

Kabla sijaondoka nimeandika namba ya mwenye Probox kwa kalamu nene nyuma ya mlango, na chini yake ya CHP. Shemeji amesema mwenye nyumba atakasirika. Akasirike.

Basi langu limefika Kigongo jioni. Daraja la kuvukia hadi Busisi lilifunguliwa Juni 2025, lina kilomita tatu. Tumelivuka kwa dakika nne.