Mbuzi wa Zawadi Aliyekuja na Kikohozi

Tunaandika kutoka Choma, wilayani Igunga, mkoani Tabora. Leo tunaandika juu ya mbuzi, na tunaanza kwa kukiri kosa letu wenyewe.

Kikundi chetu cha akina mama wa kanisa kina mpango wa kopa mbuzi lipa mbuzi kwa ajili ya wajane. Kila mjane hupewa mbuzi jike, na mtoto jike wa kwanza atakayezaliwa huenda kwa mjane mwingine. Kiangazi kimoja tulichanga fedha, tukaenda mnadani, tukanunua mbuzi wanane kwa bei nafuu. Walilala usiku mmoja tu katika ua wa kanisa, na Jumapili baada ya ibada tukawagawa kwa nyimbo na vigelegele. Wawili walikuwa wakikohoa. Tukasema ni vumbi la njiani.

Sisi wauguzi katika kikundi hicho ndio tunaowafundisha watu kila siku kwamba mwenye kikohozi cha wiki mbili akapimwe kifua kikuu, na kwamba mgonjwa asilale chumba kimoja na watoto wachanga. Lakini kikohozi cha mbuzi tulikisikia tukakipuuza.

Wiki ya tatu ilipoingia, tuliitwa na mjane mmoja mzee ambaye sote twamwita Mayu. Alikuwa na mbuzi wake tisa, na wetu akawa wa kumi. Tulikuta wanne wamekwisha kufa. Wengine walisimama wametanua miguu ya mbele, shingo zimenyooshwa, wakihema kwa shida na kuguna, kamasi zikiwatoka. Mayu hakutukemea. Alisema tu, "Nesi, mgeni wenu ndiye aliyeanza."

Bwana mifugo alipasua mzoga mmoja. Pafu la upande mmoja lilikuwa gumu kama ini, limegandamana na mbavu, na kifuani mmejaa maji ya manjano. Akatuambia ni homa ya mapafu ya mbuzi.

Kijidudu chake kiligunduliwa nchini Kenya mwaka 1976. Huenea kwa pumzi na kikohozi, mbuzi wanapokaribiana zizini au penye maji. Dalili huonekana mara nyingi baada ya siku sita hadi kumi, lakini pengine hupita wiki tatu au nne, na mbuzi huyo anaonekana mzima. Kundi lisilowahi kuupata ugonjwa huu laweza kuugua karibu lote, na zaidi ya nusu wakafa. Hauwapati binadamu. Msiuchanganye na sotoka ya mbuzi na kondoo, iliyothibitishwa Tanzania mwaka 2008. Hiyo huua kondoo pia, na huleta kuhara na vidonda mdomoni.

Jirani alimshauri Mayu awapeleke waliobaki mnadani kabla hawajafa, ili apate fedha za sare na madaftari ya mjukuu wake aliyekuwa akiingia kidato cha kwanza. Tulinyamaza, maana huenda wale wanane walitufikia kwa njia hiyo hiyo. Mkoa wetu ni wa wasafiri tangu zamani. Misafara ya Bagamoyo na Ujiji ilipita Tabora, na miaka ya 1890 sotoka ya ng'ombe ilienea Afrika Mashariki kwa mifugo iliyohama na kuuzwa, ikaacha watu na njaa. Ilichukua hadi mwaka 2011 dunia kutangaza kwamba imekwisha. Leo misafara yetu ni malori ya mnada.

Mayu alikataa. "Kilio hiki nimpelekee nani?" alisema. Alibakiwa na mbuzi watatu.

Tulikwenda nyumba kwa nyumba kuomba msamaha. Sare ya mjukuu tuliilipa sisi, na mbuzi tukaendelea kuwarudisha mmoja mmoja kadiri tulivyovuna. Haikuwa rahisi, na wajane wawili mpaka leo hawataki mbuzi wetu.

Sasa tuna taratibu. Mbuzi mgeni, awe wa zawadi, wa mahari au wa sikukuu, hukaa peke yake mwezi mzima, mbali na zizi, kwa ndoo yake ya maji. Anayemhudumia huwahudumia wenyeji kwanza, yeye mwisho. Akikohoa, hakuna mbuzi anayeingia wala kutoka pale nyumbani, na bwana mifugo huitwa siku hiyo hiyo. Dawa ikiwahi husaidia, ila aliyepona aweza bado kuwa na kijidudu. Tafadhali, msifungue vidonge vya binadamu na kuwanywesha mbuzi. Kipimo hukosewa, ugonjwa hauponi, na vijidudu huizoea dawa. Aliyechomwa sindano, maziwa yake yasinywewe mpaka siku alizotaja mtaalamu ziishe. Chanjo ipo. Ulizeni ofisi ya mifugo kabla ugonjwa haujafika.

Mayu ndiye tuliyempa kazi ya kuwaangalia mbuzi wageni. Kila asubuhi husimama kando ya banda lao, mkono sikioni, akisikiliza. Mwezi ukiisha bila kikohozi, yeye ndiye anayefungua mlango.