Motokaa Kuukuu na Amana ya Madrasa

Ndugu wasomaji wetu, katika kurasa hizi mmezoea kusoma habari za malezi ya watoto na adabu za nyumbani, na huenda baadhi yenu mkastaajabu leo kumwona mwalimu wa chuo akiandika habari za giaboksi. Sisi si makanika. Elimu yetu ni ya chuoni na ya skuli ya msingi, basi. Lakini yametupata mambo, na tuliyojifunza humo tumeyalipia kwa fedha isiyokuwa yetu. Kwa hiyo tumeona si haki kukaa nayo kimya, hasa kwa kuwa vijana wetu wengi siku hizi hununua motokaa zilizokwisha tumika, na wengi wao hutazama rangi kwanza.

Mwanzoni mwa mwaka 2016 madrasa yetu hapa Tanga ilikuwa imekwisha kusanya shilingi 22,000,000 za kununulia gari la kuchukulia wanafunzi na walimu. Fedha hizo zilichukua miaka 2 kukusanywa. Zilitoka kwa wazazi, kwa wavuvi, na kwa akina mama wauzao vitumbua na maandazi asubuhi. Bibi mmoja mjane alikuwa akituletea sarafu kila Ijumaa, amezifunga katika pindo la kanga yake, nasi tukizihesabu mbele yake kwani yeye mwenyewe ndivyo alivyotaka. Kamati ikatukabidhi sisi kazi ya kuchagua, kwa kudhani kuwa mtu aliyefundisha miaka mingi ana busara ya kila jambo.

Tukalipata gari kubwa la Kijapani lililotengenezwa mwaka 1997, la viti 8, lenye injini ya dizeli ya silinda 6, na nguvu yake huenda katika magurudumu yote manne wakati wote. Jina la kiwanda chake hatulitaji, kwa sababu kosa halikuwa la kiwanda. Magari ya namna ile yamevuka mito na majangwa ambayo wengi wetu hatutayaona. Hesabu yake ilionyesha kilomita 118,000. Hapo kama tungekuwa na macho tungalitazama raba ya pedali ya breki, ambayo ilikuwa imelika mpaka chuma chaonekana. Mguu hauli raba namna ile kwa kilomita 118,000. Namba huweza kurudishwa nyuma na watu, raba hairudishwi.

Siku ya kulitazama tulikwenda pamoja na kijana mmoja aliyesoma kwetu, ambaye sasa ni fundi. Aliwasha injini, akaiacha ipate moto, akapitisha gia zote kwa mkono huku amekanyaga breki, kisha akairudisha katika P, na injini ingali ikinguruma akachomoa kijiti cha kupimia oili ya giaboksi na kukifuta kwa kitambaa cheupe. Ndivyo ipimwavyo oili hii katika magari mengi yenye kijiti. Si kama oili ya injini, ambayo hupimwa injini imezimwa. (Magari mengi ya miaka ya karibuni hayana kijiti hicho, na fundi hulazimika kuingia chini.) Oili mpya ya giaboksi za namna hii kwa kawaida ni nyekundu, kama sharubati ya rozela. Ile iliyobaki katika kitambaa ilikuwa rangi ya kahawa. Kijana akainusa, akatunusisha na sisi. Ilinuka kama ukoko wa wali ulioungua.

"Maalim," akasema kwa upole, "oili hii imeungua. Tusilichukue gari hili."

Mwenye gari akacheka, akasema ni oili ya zamani tu, ikibadilishwa mambo yatakuwa sawa. Nasi, ndugu wasomaji, tuliyasikiliza maneno ya mtu mwenye umri kama wetu, mwenye kanzu safi, tukayaacha maneno ya mtoto tuliyemfundisha alifu. Gari lilikuwa jeupe, viti vyake havikuchanika, na watoto walikuwa wakilingoja. Tukalipa.

Sasa tueleze kwa nini harufu ile ilikuwa na maana, kwani wengi huendesha giaboksi zinazojibadili zenyewe bila kujua kilichomo ndani. Katika giaboksi ya kubadili kwa mkono, dereva hukanyaga klachi, na klachi ndiyo inayoiunganisha injini na gia. Katika hii nyingine, nguvu ya injini huingia kwanza katika chombo cha mviringo kilichojaa oili. Upande mmoja huzungushwa na injini na kuirusha oili upande wa pili, nao wa pili huzunguka kwa msukumo huo. Ni kama kuweka mapangaboi mawili yakielekeana, ukawasha moja, upepo wake ukalizungusha la pili. Ndani zaidi mna sahani nyembamba zilizovikwa kitu mfano wa karatasi ngumu, nazo hubanwa kwa msukumo wa oili, kila gia na sahani zake. Basi oili ndiyo isukumayo, ndiyo ibanayo, ndiyo ilainishayo, na ndiyo ichukuayo joto na kulipeleka likapozwe. Ikipungua au ikiharibika, sahani hazibanwi barabara, huteleza. Kuteleza huzaa joto, na joto huzidi kuiharibu oili. Mwenye gari hasikii chochote. Sahani za karatasi haziwezi kupiga kelele.

Kilichotudanganya zaidi ni kelele ya kitu kingine. Haukupita mwezi gari likaanza kugonga: kila tukitia gia ya mbele, au tukiachia breki penye foleni, hulia "ko!" chini ya miguu yetu. Tukaingiwa na hofu kubwa. Fundi akaingia chini, akasukuma girisi katika krosi za propela na katika meno yake yanayoteleza, ambayo yalikuwa makavu kabisa, akabadili na raba moja ya kushikilia injini iliyokwisha kufa. Kelele ikaisha. Kazi yote haikufika shilingi 100,000. Tukarudi nyumbani tukimshukuru Mungu na kuwacheka walioogopa.

Lakini asubuhi, tulipotia D, gari lilikuwa likikaa kimya kama mwanafunzi aliyesahau somo. Huhesabu moja, mbili, tatu, ndipo likaondoka. Barabarani injini ilikuwa ikipandisha sauti kidogo kabla ya gia kuingia. Tukasema ni uzee. Maradhi madogo yalipiga kelele tukayatibu siku ile ile. Makubwa yalinyamaza, nasi tukanyamaza nayo karibu miaka 2.

Mwezi wa Disemba 2017 tukaalikwa Lushoto kwa mashindano ya kusoma Kurani. Tulikuwa watu 8, pamoja na mizigo juu ya gari. Tukapita Muheza, Segera, Korogwe mpaka Mombo, njia ni nyororo, watoto wanasoma kwa zamu. Walioijua njia ya Mombo kwenda Lushoto wanajua kuwa ni kilomita zaidi ya 30 za kupanda na kuzunguka, ukuta wa mlima upande mmoja na bonde upande wa pili. Ilitupasa kubonyeza kitufe kinachoizuia gia ya juu kabisa isiingie, ili giaboksi isiwe kila mara inapanda na kushuka gia na kujitia joto. Hatukujua kitufe kile kazi yake nini. Njiani ikawaka taa moja ya manjano yenye herufi A/T. Tukatazama mshale wa joto la injini, ukawa mahali pake, tukaendelea. Taa ile ilikuwa ikisema juu ya joto la oili ya giaboksi, wala si la injini, nayo ikiwaka dereva hutakiwa kusimama, kutia P, na kuiacha injini ikizunguka taratibu mpaka taa izimike, kwani injini ikizimwa oili nayo husimama, haiendi tena kupozwa.

Karibu na Soni injini ikanguruma kwa nguvu na gari halikwenda. Likaanza kurudi nyuma. Tulikanyaga breki, tukavuta na breki ya mkono, na vijana wawili wakaruka wakatia mawe nyuma ya magurudumu. Nyuma yetu lilikuwako bonde. Watoto waliobaki ndani walikuwa wakisoma kwa sauti, na sauti ya mdogo kabisa kati yao ilikuwa ikitetemeka, hatujaisahau.

Gari lilishushwa kwa kuvutwa. Gereji moja ikatuuzia giaboksi iliyotumika kutoka Japani, kwa shilingi 3,200,000 pamoja na ufundi. Baada ya miezi 4 ikaanza kuteleza nayo. Hapo ndipo tulipomwita yule kijana wetu, na tulikuwa na haya kumtazama usoni. Yeye hakutukumbusha neno. Alifungua mipira ya oili iendayo katika rejeta, kwani katika magari mengi oili ya giaboksi hupozwa ndani ya tangi la chini la rejeta, akapuliza kwa mashine ya upepo. Likatoka tope jeusi lenye chembe za chuma. Ilikuwa ni mabaki ya sahani za giaboksi ya kwanza. Walioweka ya pili hawakusafisha kipozeo wala kukibadili, na uchafu wa maiti ukaingia katika mwili wa aliye hai. Akatueleza kuwa mahali hapo hapo, ukuta wa ndani ukitoboka, maji ya rejeta huchanganyika na oili, ikawa kama maziwa yaliyotiwa rangi ya waridi, na giaboksi iliyokwisha kunywa maji kwa nadra hupona. Kwa hiyo anunuaye gari la umri huu hufanya vizuri kubadili rejeta mapema, kuliko kungoja.

Akatuonyesha na kosa letu jingine. Tulikuwa tumenunua matairi 2 mapya ya mbele tukayaacha ya nyuma yaliyokwisha. Katika gari ambalo magurudumu yote husukuma daima, tairi jipya na lililolika hazizunguki sawa kwa mwendo mmoja, na difu la katikati hulazimika kufanya kazi bila kupumzika ili kuzipatanisha. Tulidhani twaweka akiba.

Fedha zikawa zimekwisha. Mwaka 2018 kamati ikaamua gari liuzwe. Dalali mmoja akatupa maarifa: tutie ndani dawa nzito inayoziba kuteleza kwa muda, na mnunuzi aletwe alfajiri, kwani gia ya tatu ilikuwa ikiteleza oili ikipata moto tu, na barabara za Tanga ni tambarare. "Kwa njia hii," akasema, "milioni 15 mtazipata." Hatutaficha: usiku ule tulifikiri kukubali. Fedha ile si yetu, tukasema. Ni ya watoto, ni ya yule bibi mwenye pindo la kanga. Je, mlinzi wa amana ana ruhusa ya kuipunguza kwa ulimi wake mwenyewe?

Lakini katika mlango wa biashara tunasomesha kwamba muuzaji ajuaye aibu ya kitu chake yampasa aibainishe, na kwamba mnunuzi akikuta aibu iliyofichwa ana khiyari ya kurudisha. Kila mtoto wa chuo chetu anakijua kisa cha Mtume (S.A.W.) aliyeingiza mkono katika rundo la chakula sokoni, akakuta chini yake ni majimaji. Kisa hicho tumekisomesha miaka mingi, wala haikutupitia kwamba rundo lile laweza kuwa na magurudumu manne.

Mnunuzi alipokuja tukamwuliza atokako. Akasema ni mfanyabiashara wa mboga, na nyumba yake iko Lushoto.

Hatukumtaka dalali aseme neno. Tulimpeleka mnunuzi barabarani saa nzima mpaka oili ikapata moto, na gia ya tatu ikateleza mbele ya macho yake. Kisha tukaketi naye barazani, tukaandika kasoro zote katika karatasi: giaboksi, difu la katikati, rejeta, na ile hesabu ya kilomita isiyoaminika. Akaondoka bila kuagana vizuri. Baada ya siku 3 akarudi, akatoa shilingi 9,500,000, akatia saini chini ya karatasi ile, akaomba nakala moja ili ampe fundi wake.

Yule bibi tulikwenda kumweleza sisi wenyewe, sarafu zake zilivyopungua. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama kuna mtoto aliyeumia. Tukasema hakuna. Akaenda jikoni akatuletea chai.

Mnunuzi tulikutana naye Mombo mwaka uliofuata. Alikuwa amekwisha itoa giaboksi ile na kutia ya kubadili kwa mkono, na gari lilikuwa limejaa kabichi. Madrasa sasa hukodi gari inapolazimu safari. Na mjumbe mmoja wa kamati mpaka leo hatujapatana naye. Yeye husema tulitupa shilingi 5,500,000 za mayatima kwa kupenda kusifiwa. Tukikutana msikitini hutusalimu vizuri, kisha hutuuliza siku hizi magari huuzwa bei gani.