Jua Lilipotua Wagagai

Wasomaji wa taarifa hii wamezoea kuletewa habari za ngeli, za mitihani na za arudhi, na mimi mwenyewe nimepata kuchangia mara mbili tatu katika nyanja hizo. Leo naomba radhi niitoke darasa kidogo, nisimulie safari ya miguu. Ninayo deni na mtu, na mtu huyo ni msomaji wa kurasa hizi.

Mimi ni mzaliwa wa Molo, wilaya ya Tororo, upande wa Uganda. Kwetu ni tambarare: mihogo, mtama, wimbi, na ng'ombe wachache wanaofungwa kamba. Mwinuko tulio nao karibu ni Mwamba wa Tororo, jiwe la volkeno lililosimama peke yake juu ya mji, ambalo kilele chake kina mita 1,483 kutoka usawa wa bahari. Wageni hulipiga picha. Lakini sisi watoto wa Molo mlima wetu hasa ulikuwa mwingine, ule wa kaskazini-mashariki, uliojinyoosha upana wa upeo wote wa macho. Wagisu huuita Masaba kwa jina la babu yao wa kwanza. Ramani huuita Elgon, jina ambalo husemwa kuwa limetokana na Kimaasai.

Jioni tulipokuwa tukirudisha ng'ombe, jua lilikwisha kututoka sisi wa chini, lakini ule mlima ulibaki na mwanga wake dakika kadhaa zaidi, mwekundu, kisha zambarau, kisha basi. Mama alikuwa hana saa. Saa yake ilikuwa ile. Ukifika nyumbani mlima ungali na jua, hukuchelewa. Ukifika umekwisha zimika, ulikuwa na maelezo ya kutoa. Nilikua nikijiuliza, kama watoto wanavyojiuliza mambo, kama aliye kule juu saa ile hutuona sisi huku tulivyokwisha ingia gizani.

Niliendelea kujiuliza hivyo mpaka nikaota mvi. Mwaka 2022 macho ya mama yalikuwa yameingiwa na mtoto wa jicho, na mlima hauoni tena. Siku moja aliniuliza, tumeketi uani, "Umezimika?" Nikamjibu kuwa bado. Siku hiyo ndipo niliponuia kupanda.

Sasa nimtaje mwenzangu. Sitamtaja kwa jina, maana hakuniruhusu, wala sikumwomba. Yeye ni mwalimu wa Kiswahili upande wa Busia, Kenya, Mteso kama mimi. Mpaka uliochorwa na wakoloni ulitukuta tukiwa watu wamoja ukatufanya raia wa nchi mbili. Wazee wetu waliuvuka kwenda matangani na harusini bila ya kuona wamekwenda ng'ambo. Tofauti kubwa kati yetu sisi wawili imekuwa ni lugha hii tunayoifundisha. Yeye ameikuta shuleni, ina vitabu, ina mtihani, na tangu mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985 hakuna mwanafunzi wa Kenya aliyeweza kuikwepa. Mimi nimeiokota Malaba, kwa madereva wa malori na wabadilisha fedha, katika nchi ambayo watu wengi walikuwa wakiihofu kwa kuwa waliisikia kwanza katika vinywa vya askari wenye bunduki. Yeye ndiye aliyenisahihisha. Kwa miaka mingi alikuwa akinipa vitabu vyake, nami nikimrudishia insha zangu, naye akizijaza wino mwekundu bila huruma. Ikiwa leo sentensi zangu zinasimama kwa miguu yake, basi ni kwa kalamu ile.

Mwaka huo wa 2022 ulikuwa mzuri kwetu. Mwezi Julai Baraza la Mawaziri la Uganda lilikubali Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Na mwezi Mei, James Kagambi, Mkenya mwenye umri wa miaka 62 ambaye aliwahi kuwa mwalimu wa shule, alisimama juu ya Everest katika milima ya Himalaya, wa kwanza miongoni mwa Wakenya. Mwenzangu alikata habari ile gazetini akaibandika darasani. Akaniambia, "Ndugu yangu, mwalimu mwenzetu amefika mita 8,849. Wewe na mimi tunaogopa ule mlima wa nyumbani?" Nikamwambia kwamba ule wa nyumbani, kilele cha Wagagai, una mita 4,321, haufiki hata nusu. Akacheka akasema kwamba nusu inatutosha watu wa mishahara yetu.

Tuliondoka Budadiri siku za mwisho za Desemba, kiangazi kimeshika, tukiwa na kiongozi mmoja, Mgisu wa makamo, na mchukuzi mmoja kijana. Njia ile huitwa ya Sasa, kwa jina la mto. Siku ya kwanza ndiyo inayowavunja watu: unapanda zaidi ya mita 1,600, unapita mashamba ya kahawa na migomba, kisha ngazi zilizoegemezwa kwenye magenge ya Mudangi, kisha msitu wa mianzi ambao Wagisu huchuma machipukizi yake wakayakausha kwa moshi na kuyapika kwa karanga. Chakula hicho ni malewa. Aliyekula malewa hahitaji nimsifie, na asiyekula maneno hayatamsaidia. Tulilala Sasa, mita 2,900. Siku ya pili ilikuwa fupi, nasi tukalala penye pango la Mude, mita 3,500.

Asubuhi ya tatu nilitoka hemani nikakuta majani yote meupe, na chini ya viatu yakawa yanavunjika kama kaukau. Nilisimama nikatazama. Nimefundisha neno sakitu miaka kumi na tisa, nikilieleza ubaoni kuwa ni umande ulioganda kwa baridi, na wanafunzi wakiliandika. Sikuwa nimelikanyaga hata siku moja. Nikamwita mwenzangu aje aione. Alitoka polepole, akasema, "Ndiyo yenyewe," akarudi ndani. Hiyo haikuwa desturi yake. Mtu huyu angeweza kuzungumza juu ya neno moja tangu Busia hadi Bungoma. Niliona, wala sikutaka kuona.

Desturi ni kuondoka Mude alfajiri, kufika kileleni kabla mawingu hayajapanda, na kurejea mchana. Mimi nilitaka kufika jioni, jua likitua. Kiongozi hakupendezwa. Alisema kurudi kwetu kutakuwa gizani, kwenye mawe, kwa tochi. Nilimweleza habari za mama yangu. Alinyamaza kitambo, kisha akakubali kwa sharti moja, kwamba akisema turudi hakuna majadiliano. Nilimpa mkono.

Tukaondoka saa sita na nusu mchana. Nchi ya juu ile haifanani na nyingine ninayoijua: senesio zimesimama kama watu waliojitanda mablanketi, na lobelia ndefu kama mikongojo iliyosahauliwa na wazee. Hewa imepungua. Katika kilele cha Wagagai kanieneo ya hewa ni kama sehemu tatu kwa tano ya ile ya pwani, kwa hiyo kila pumzi inaleta oksijeni kidogo kuliko mwili ulivyozoea. Ajabu yake ni kwamba maradhi ya mwinuko hayachagui dhaifu. Huweza kumpata kijana mwenye nguvu yakamwacha mzee. Dalili zake kila mpanda mlima huelezwa: kichwa kuuma, kichefuchefu, kukosa usingizi na hamu ya chakula. Mtu akianza kuyumba au kuchanganyikiwa, dawa ya kwanza na ya hakika ni kumteremsha mara moja.

Karibu na ziwa dogo liitwalo Jackson, yapata saa kumi na moja, mwenzangu alitapika. Kiongozi akamwambia atembee kwa kuunganisha kisigino na kidole katika mstari mmoja. Alitembea hatua nne akakanyaga nje. Hapo ndipo alipokiri kwamba kichwa kilikuwa kikimwuma tangu usiku wa Sasa, na kwamba alikuwa akinificha.

"Kwa nini?" nikamwuliza.

"Ungerudi nami," akasema.

Kiongozi akatamka kwamba safari imekwisha. Na mimi, niliyekuwa nimempa mkono, nikaanza majadiliano. Nilisema kilele kiko karibu. Nilisema mchukuzi ana nguvu, anaweza kumteremsha mgonjwa mpaka Mude, na sisi wawili tukapanda haraka na kuwafuata. Niliyasema haya kwa Kiswahili safi, chenye vina vya hoja, kama niliye mbele ya baraza la wazazi. Mwenzangu mwenyewe aliniunga mkono, akasema, "Nenda, mwalimu, ukamwangalilie mama." Kiongozi alinitazama kwa muda. Nadhani alichoka. Akampa mchukuzi tochi nzuri kuliko zote, akamwagiza amshike mgonjwa mkono njia nzima, tukaachana.

Nilifika Wagagai saa kumi na mbili na robo. Mawingu ya mchana yalikuwa yamejitenga, yamelala chini yetu upande wa magharibi kama pamba. Hakukuwa na wingu hata moja kati yangu na jua. Nyuma yangu bonde kubwa la volkeno, lililozimika mamilioni ya miaka iliyopita, lilianza kujaa kivuli. Kivuli cha mlima wenyewe kikatambaa kuelekea Kenya, chenye ncha kama hema, kikameza mashamba ya Trans Nzoia. Nilitafuta kusini-magharibi. Molo sikuiona, hakuna awezaye kuiona kwa macho matupu kutoka kule. Lakini niliuona Mwamba wa Tororo, mdogo kama jino la mtoto, na kwa huo nikakisia nyumbani kulipo. Mwamba ule ukaingia gizani. Nikatazama mikono yangu: ilikuwa myekundu, ingali na jua. Nilihesabu. Zilipita dakika kama sita au saba, nimesimama katika ule mwanga ambao mama alikuwa akiusoma. Kiongozi hakusema kitu. Kisha ukazimika, naye akawasha tochi.

Tulifika Mude saa tatu usiku. Mchukuzi alitupokea nje ya hema akiwa na wasiwasi. Alisema mgonjwa alianguka mara nyingi njiani, na tangu walipofika haachi kuita.

"Anamwita mtu, mwalimu. Anamwita Akipi. Ni mke wake?"

Akipi ni maji, kwa lugha yetu. Alikuwa akiomba maji. Mwalimu huyu, ambaye hajapata kumkosea mtu upatanisho wa kisarufi, Kiswahili chote kilikuwa kimemtoka, amebakiwa na Kiteso cha mama yake, na kijana yule, Mgisu, alikaa karibu naye zaidi ya saa nzima, chupa iko miguuni pake, akimfariji kwamba Akipi atakuja. Kijana hana kosa. Aliyejua lugha zote mbili alikuwa kileleni akihesabu dakika.

Kiongozi alimulika macho ya mgonjwa, akasema, "Hii mgonjwa inashuka sasa, si kesho." Mimi ambaye kazi yangu ni kusahihisha ngeli sikupata la kusahihisha. Tulimfunga mablanketi, tukamweka kati, tukaanza kuteremka mita 600 za usiku kuelekea Sasa. Nilikuwa upande wake wa kushoto. Nilimnywesha maji kidogo kidogo. Mara ananijua, mara ananiita kwa jina la nduguye aliyekwisha fariki. Tulifika saa saba na kitu. Alfajiri aliamka akaniuliza, kwa Kiswahili, kwa nini nimevaa soksi moja. Nikatoka nje nikakaa penye mto mpaka kulipopambazuka vizuri.

Alipona kabisa. Baada ya siku mbili, Mbale, alikula samaki mzima peke yake. Tukiwa ndani ya basi la Tororo ndipo aliponiuliza.

"Na jua? Ulilionaje?"

"Kulikuwa na mawingu," nikamjibu. "Sikuona kitu."

Aliniwekea mkono begani, akanipa pole. Akasema si hoja, tutarudi mwaka mwingine. Na tangu siku ile, kila tukutanapo Malaba au Busia, hunipa pole ile ile, na huwaeleza walimu wenzetu jinsi nilivyofika juu nikanyimwa na mawingu. Mama nilimweleza kweli, neno kwa neno, mpaka zile dakika sita au saba. Yeye aliuliza tu kama yule mwenzangu alikuwepo, nikamwambia alikuwa chini.

Ndugu yangu, najua taarifa hii huisoma ukianza na kurasa za mwisho, na kalamu nyekundu mkononi. Hakukuwa na mawingu.