Tafsida Iliyotugharimu

Mficha uchi hazai. Methali hii niliifafanua katika mtihani wa fasihi simulizi nikatuzwa alama nzuri, ilhali maana yake sikuipata hadi mamangu alipougua.

Mwaka mzima mama aliishi na kidonda kwenye shavu la uke asimwambie mtu. Alipozidiwa, alisema anawashwa "huko chini", nayo zahanati ikampa dawa ya kupaka. Kipande cha nyama kilipopimwa hatimaye, ilibainika kuwa ni saratani ya sehemu ya nje ya uke, ambayo ni nadra mno ikilinganishwa na ile ya mlango wa kizazi. Alipasuliwa, uvimbe ukaondolewa pamoja na tezi kadhaa za kinena.

Jeraha lilipokaribia kupona, daktari alitueleza kwa Kiingereza kwamba seli za saratani zilikutwa ndani ya tezi hizo, hivyo mama alihitaji mionzi ya kuangamiza masalia yasiyoonekana kwa macho. Akanigeukia nitafsiri. Mimi, mtoto wa kiume na mwanafunzi wa Kiswahili, nilibabaika nikasema: "Mama, ugonjwa umebakia huko chini. Utachomwa."

Tafsida ilificha mahali. Neno la mitaani likatisha. Mama aliinuka. "Nimekatwa, sasa nichomwe? Nirudishe nyumbani, mwanangu."

Usiku huo nilimeza haya, nikaanza upya: uke, kinena, tezi, mionzi. Nilimweleza kwamba miale hiyo haionekani, huelekezwa mahali palipotiwa alama, na huziharibu seli za saratani zisiweze kugawanyika. Angelala chini ya mashine dakika chache, siku tano kwa wiki, kwa wiki tano. Sikumficha kwamba ngozi ingebabuka na uchovu ungemlemea. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza, "Mbona hukuniambia hivyo asubuhi?"

Alimaliza vipindi vyote 25. Ngozi ilibabuka kweli, lakini hakushtuka, kwani alijua. Hadi leo mguu mmoja humvimba, na kliniki anahudhuria. Daktari akimuuliza, hujibu mwenyewe, kila kiungo kwa jina lake.

Wanafunzi wenzangu, tafsida ni adabu, nami siipingi. Hata hivyo, mgonjwa anapoamua juu ya uhai wake, adabu kubwa zaidi ni kumpa neno analolielewa. Tusipomwandalia neno hilo sisi tunaokisomea Kiswahili, nani atamwandalia?