Mstari Uliorukwa

Njia ya kati, ile iliyotoka Bagamoyo ikapita Mamboya, Mpwapwa na Kilimatinde, ikaingia Unyanyembe na kushukia Ujiji ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, imeandikwa zaidi na wageni. Burton na Speke waliingia Kaze, mahali palipo Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba 1857, siku ya 134 tangu kuiacha pwani, na vitabu vyao vingali vinachapishwa. Wapagazi wa Kinyamwezi, walioijua njia hiyo kwa nyayo, wakiteremka na kupanda na frasila mbili za pembe au za nguo mabegani, hawakuandika kitu. Watu wa pwani nao waliandika kidogo, ijapokuwa mmoja wao, Hamed bin Muhammed el-Murjebi, yule Tippu Tip, alituachia maisha yake kwa Kiswahili kitamu ambacho wanaolaani matendo yake huona taabu kukiweka chini. Ama wale walioipita njia mara moja tu, na kwa upande mmoja tu, hao ndio hata majina hayakubaki.

Mwezi wa Agosti 2024 mume na mke wakaazi wa Maskati waliamua kuifuata. Joto la Omani huwatoa watu majumbani mwao kila mwaka, na wengi wenye asili ya upande huu hurudi Unguja, wakakaa ufukweni, wakala maembe na kurejea. Hawa walipanga vyengine: Unguja siku mbili, Bagamoyo usiku mmoja, Dodoma usiku mmoja, Tabora siku tatu, Ujiji mbili, Bujumbura mbili, kisha ndege ya kurudi. Watoto wao waliwacheka. Safari gani hii, walisema, ya kusimama kila pahala kama gari ya shamba?

Bwana ana miaka 68. Babu wa baba yake alikuwa mfanyabiashara Kwihara, karibu na Tabora, na babu yake amezikwa huko. Katika nyumba yao ya Maskati imo karatasi moja, ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, ya mwaka 1305 wa Hijria, yaani 1887 au 1888 kwa hesabu ya Kizungu. Ni hesabu ya msafara mmoja, mistari tisa. Kila Idi, wajukuu wakishakusanyika, Bwana huitoa katika bahasha na kuwasomea, wao wakastaajabu kuwa baba yao mkuu alijua kuandika na alifika mbali namna hiyo. Husoma mistari minane.

Bibi ana miaka 62, mzaliwa wa Ng'ambo ya Unguja. Amesoma chuoni kama watoto wote wa mtaa wake, na herufi hizo hazimshindi. Mwaka wa pili wa ndoa yao, akipanga kabati, aliifungua bahasha akaisoma karatasi yote, akaikunja kama ilivyokuwa, akairudisha. Tangu siku hiyo, miaka thelathini na nne, kila Idi amekaa na birika la kahawa mkononi akamsikiliza mumewe akiuruka mstari wa nne.

Yeye hakurithi karatasi. Alirithi hesabu. Bibi yake mzaa mama, aliyefariki yeye akiwa na miaka tisa, alikuwa akiitwa Mmanyema, nalo ni jina ambalo Unguja lilimtosha kila aliyetoka ng'ambo ya ziwa, awe nani. Ajuza huyo alipotwanga alihesabu mchi kwa lugha ambayo hapana mtu nyumbani aliyeielewa. Moja hadi tano alihesabu kwa lugha yake. Akifika sita huhamia Kiswahili. Mpenzi wa maneno hataacha kukumbuka kuwa sita, saba na tisa ni maneno yaliyotujia na Kiarabu. Mjukuu aliyashika yale matano, na hakuwahi kumhesabia mtu.

Bagamoyo hawakukawia. Kijana aliyewatembeza aliwapa maelezo mawili ya jina la mji: kwamba mpagazi akifika pwani aliubwaga moyo kwa raha ya kutua mzigo, na kwamba mtumwa aliubwaga kwa kukata tamaa. Maelezo haya yamekwishazungushwa mno midomoni mwa watembeza wageni, hata yamekuwa kama sarafu iliyofutika sura. Bwana alisema la kwanza ndilo lenye maana. Bibi alikuwa akilitazama bahari.

Treni ya umeme, iliyoanza kwenda Dodoma mwaka huohuo, iliwapitisha kwa saa chache nchi ambayo misafara iliivuka kwa wiki kadhaa. Ugogo ndiko watawala walikotoza hongo, na hongo siku hizo haikuwa aibu. Ilikuwa ushuru wa njia na wa maji, uliojadiliwa siku nzima kwa nguo na shanga. Toka Dodoma walipanda basi kupitia Manyoni na Itigi, katika lile pori lililoitwa Mgunda Mkali, ambamo wapagazi walikufa kwa kiu. Abiria walikuwa wakitazama filamu.

Tabora iliwapokea kwa miembe. Miti hii, ambayo asili yake si bara, imefuata njia ya misafara kama alama za kalamu, na penye mwembe mkubwa aghalabu palikuwa na kituo. Bwana alitembea mjini kama mtu aliyerudi kwao. Alilitazama boma la Wajerumani. Alimweleza mkewe habari za Mtemi Isike, aliyejilipua kwa baruti Januari 1893 asije akakamatwa hai. Alimweleza namna baba yake Tippu Tip, Muhammed bin Juma, alivyooa binti wa Fundikira, na jinsi nasaba za Unyanyembe na za pwani zilivyochanganyika. Yote ni kweli. Ndoa zilikuwapo, na urafiki ulikuwapo, na msomaji anayetaka historia ya watu wabaya watupu atafute njia nyengine.

Siku ya pili walikwenda Kwihara. Tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872, akingoja wapagazi, lilijengwa upya mwaka 1957 na sasa ni makumbusho: kuta nene za udongo, dari tambarare, vyumba vinavyouzunguka ua. Ndani mna ubaridi mzuri. Mwangalizi, mtu mpole, aliwaonyesha alipolala Livingstone na alipolala Stanley. Bwana aliuliza maswali mengi juu ya nyumba za Waarabu zilizokuwa jirani, akajibiwa kuwa zimekwisha, ni vifusi na mashamba. Ndipo Bibi, aliyekuwa kimya tangu asubuhi, akauliza:

"Na watumwa, baba, wakilala wapi?"

Mwangalizi aliutazama ua, akamtazama Bwana, akasema walilala nje, mama, penye nafasi.

Usiku ule, katika nyumba ya wageni, Bwana ndiye aliyeanza.

"Mama watoto, yule mtu umemtia haya leo."

"Nimemuuliza njia tu. Mgeni si huuliza?"

Akanyamaza. Kisha Bibi akasema, "Ile karatasi umekuja nayo. Leo nisomee yote."

"Unaijua?"

"Naijua tangu hatujapata mtoto wa pili."

"Mbona hukunambia?"

"Na wewe, bwana, mbona hukunisomea?"

Aliitoa, akavaa miwani, akasoma. Mstari wa nne ulikuwa baina ya frasila za pembe na majora ya nguo, nao ulitaja vichwa kumi na vinne vilivyoteremshwa pwani. Vilivyoteremshwa, si walioteremshwa: aliyeandika alikuwa mjuzi wa lugha yake na ngeli aliichagua. Nguo katika karatasi ile zina majina, merikani, kaniki na barsati, kila moja na idadi yake. Vichwa havina.

Bibi alimwambia juu ya bibi yake, jambo ambalo hakuwahi kulisema kwa urefu kwa mtu yeyote, wanawe wakiwamo. Kwamba alichukuliwa mdogo, hajabadili meno yote. Kwamba alikuwa akisema alipita hapa kabla ya Mjerumani, na Mjerumani alitia bendera Tabora mwaka 1890.

"Huwezi kujua kama alikuwamo," alisema Bwana.

"Siwezi. Na wewe huwezi kujua kama hakuwamo."

Hapakuwa na zaidi ya hayo. Hawakugombana. Alfajiri Bwana alikwenda msikitini, na baada ya chai wakaelekea makaburini kulitafuta kaburi la babu yake. Mzee wa mtaa aliwaonyesha upande wa makaburi ya zamani, mengi yamezama na hayana maandishi. Bibi alibaki nje chini ya kivuli, kama ilivyo ada. Bwana alikaa ndani kitambo kirefu, na alipotoka alisema amewasomea wote.

"Wote kina nani?"

"Waliozikwa na wasiozikwa," alijibu, akatangulia kwenye gari.

Treni ya kwenda Kigoma ni ile ya reli ya zamani, iliyofika Tabora mwaka 1912 na ziwani mwaka 1914, reli ambayo ndiyo iliyoifutilia mbali kazi ya upagazi. Ilipita Urambo, mji wa Mirambo, ikavuka Malagarasi, ikapita Uvinza kwenye chumvi. Bwana alilala. Bibi hakulala, alikuwa akiielekea kinyume njia aliyoteremshwa bibi yake, na kila kituo alikisoma jina kwa mwanga wa taa za nje.

Ujiji wageni huenda kuiona sanamu ya Livingstone na Stanley na ile miembe inayosemwa imetokana na mwembe waliokutania mwaka 1871. Nao waliiona. Lakini sehemu kubwa ya siku Bibi aliipitisha uani kwa wanawake wa Kimanyema waliokuwa wakichambua dagaa, ambao kwao jina hilo, lililokuwa likinong'onwa Ng'ambo, hutamkwa kwa sauti ya kawaida na tena kwa majivuno. Hapo ndipo alipohesabu. Alihesabu hadi tano, mbele ya mumewe, kwa mara ya kwanza. Mwanamke mmoja alisema ni Kibangubangu. Wa pili akakataa. Wa tatu, mkubwa kuliko wote, akamtaka arudie, akafumba macho, akasema moja na mbili ni za watu wengi mno, tatu na nne alizisikia kwa mama yake, na tano haijui. Wakampa dagaa aende nazo.

Walivuka mpaka Manyovu, wakaambaa na ziwa kupitia Nyanza-Lac na Rumonge. Burundi mwaka ule ilikuwa na dhiki ya mafuta, na vituo vya petroli vilikuwa na foleni za magari yaliyozimwa. Mugere, kabla ya Bujumbura, dereva aliwaonyesha jiwe lililochongwa majina ya Livingstone na Stanley na tarehe ya 25 Novemba 1871. Hawakushuka. Bwana alisema wawili hao wameachiwa mawe ya kutosha.

Buyenzi, mtaa wa Waswahili wa Bujumbura, uliwapa futari? La, haikuwa Ramadhani. Uliwapa wali na samaki wa ziwani, mafundi wa magari wakipiga nyundo mlangoni, na Kiswahili ambacho Bibi alikisikiliza kwa makini, chenye mkato wake wa Kikongo. Mwenyeji wao, ambaye babu yake alitoka Kasongo, iliyokuwa kituo kikuu cha Tippu Tip katika Manyema, hakuzijua namba. Aliomba zirekodiwe katika simu yake, ili awasikilizishe wazee wa msikitini.

Jioni ya mwisho walikaa ufukweni. Ng'ambo ya maji milima ya Kongo ilikuwa karibu kuliko walivyotarajia, mabonde yake yakihesabika, na chini yake taa za Uvira zilianza kuwaka. Bibi alimuuliza dereva kutoka pale hadi Kasongo ni mwendo gani. Dereva alicheka, akasema hiyo si ya kuuliza kwa kilomita, mama, inategemea barabara, na mvua, na nani ameishika barabara wiki hiyo.

Bwana alikuwa ametoa kalamu. Karatasi ya mababu ilikuwa juu ya goti lake, imo katika bahasha, na juu ya bahasha alikuwa akiandika kwa herufi za Kiarabu, polepole, maneno matano yasiyokuwa ya Kiswahili wala ya Kiarabu, akimtaka mkewe arudie la tano, kwani hakuwa na hakika ya irabu yake. Alipomaliza alimgeukia dereva, akamuuliza viza ya Kongo hutolewa wapi, na kama ofisi hufunguliwa Jumamosi.