Bwawa Jipya Katika Udongo wa Kajjansi

Msafiri atokaye Kampala kwa barabara ya zamani iendayo Entebbe hufika Kajjansi baada ya mwendo wa kilomita 15 hivi. Wenye haraka hawapaoni siku hizi, kwa sababu barabara ya mwendo kasi iliyofunguliwa mwaka 2018 huwapitisha kando. Afuataye njia ya zamani hukaribishwa na matanuri ya matofali, vigae vilivyopangwa safu kwa safu, na moshi wa kuni. Mabondeni mafunjo husimama mazito hadi karibu na Ziwa Viktoria.

Utajiri wa Kajjansi ni udongo wake wa mfinyanzi. Tangu miaka ya 1950 kipo hapo kiwanda cha matofali na vigae. Katika mabonde hayo hayo serikali ya kikoloni ilianzisha kituo cha kujaribia ufugaji wa samaki, ambacho leo ni kituo cha utafiti cha taifa. Mahali hapakuchaguliwa ovyo. Udongo wa mfinyanzi hushika maji kama chungu. Achimbaye bwawa humo hana haja ya saruji wala ya turubai.

Walakini udongo huo una hila yake, na wengi huijua wakati fedha zimekwisha kutumika. Kisa ni kile kile nyumba baada ya nyumba. Askari amestaafu, au yuko likizo, na nyuma ya nyumba kuna kipande cha ardhi chenye unyevu. Vibarua hulipwa, shimo la mita 10 kwa 10 huchimbwa, maji huingizwa kwa mfereji. Watoto hukaa ukingoni wakiwangoja samaki. Wiki moja hupita, kisha mbili, na maji yangali kama chai ya maziwa. Mama mwenye nyumba huuliza kama kazi imeharibika. Baba hujibu kwamba yatatulia yenyewe, naye anajua kwamba vifaranga vya samaki vimekwisha kulipiwa na vitaletwa Jumamosi.

Yafaa kwanza kujua maji hayo yana nini. Chupa nyeupe hujazwa maji ya bwawa na kuwekwa dirishani bila kuguswa. Maji yakiwa meupe kesho yake, na mashapo yamelala chini, basi tope lililomo ni zito, na kosa liko kwenye kingo au kwenye mfereji: kuna kitu kinacholileta upya kila siku. Lakini chupa ikibaki na rangi ya matofali hata siku ya nne, hizo ni chembe za mfinyanzi zilizo ndogo mno. Kila chembe ina umeme hafifu ulio sawa na wa jirani yake, hivyo husukumana na kuelea. Haziwezi kushikana zikawa nzito na kuzama. Maji ya namna hiyo yanaweza kukaa miezi bila kutakata.

Hasara yake si ya macho tu. Tope huzuia jua lisipenye majini, na bila jua havioti vile vijimea vidogo ambavyo perege, ambao Waganda huwaita ngege, huvitegemea kwa chakula. Tope jingi huziba mashavu ya samaki wachanga. Kambare huvumilia zaidi, kwa kuwa yeye hupanda juu kuvuta hewa, lakini naye kwa tabia yake ya kuchimbachimba chini huongeza uchafu ule ule. Basi mwenye vifaranga vya kufika Jumamosi na maji mekundu siku ya Alhamisi hana budi kumeza fahari yake na kuomba aletewe baadaye. Kusubiri wiki tatu ni nafuu kuliko kuokota samaki 200 waliokufa.

Dawa ya kwanza haiuzwi dukani. Kingo mpya zilizo tupu ndizo chemchemi ya tope: kila mvua ya masika, kati ya Machi na Mei, huosha udongo mbichi na kuutia bwawani. Kingo zipandwe ukoka mara tu baada ya kuchimba, na ziwe na mteremko wa taratibu zisije zikabomoka. Upande wa mlimani uchimbwe mfereji wa kuyachepusha maji ya mvua yapite kando. Bata nao, ingawa samadi yao ni chakula kizuri kwa bwawa, wasiachwe kulivuruga bwawa changa. Wengi huruka hatua hii na kukimbilia dukani, kisha hushangaa maji yaliyotakata Jumatatu yamekuwa mekundu tena Ijumaa.

Dawa ya pili ni chokaa ya kilimo. Udongo wa mabonde hayo aghalabu una uchachu, na bwawa la mita za mraba 100 huhitaji kilo 10 hadi 20 zilizonyunyizwa chini kabla ya kujaza maji. Isichanganywe na chokaa kali ya kujengea, ambayo hubabua mikono na inaweza kuua samaki waliomo. Baada ya chokaa huja nyasi kavu: matita machache yaliyofungwa na kuzamishwa pembeni. Zikioza, hutoa vitu vinavyozifanya chembe za mfinyanzi zishikane. Kazi hii ni ya polepole, nayo hula hewa iliyomo majini. Ndiyo maana hufanywa kabla ya samaki kuingia.

Haya yote yakishindikana, ndipo shabu itumike. Ni ile ile iliyotumika miaka mingi katika mitambo ya kusafishia maji ya miji. Bwawa la mita za ujazo 100 huhitaji kilo 2 hivi, lakini ni hatari kukisia. Kijiko kimoja cha chai cha shabu iliyosagwa, kama gramu 5, huyeyushwa katika lita moja ya maji safi. Vijiko 8 vya chai vya mchanganyo huo hutiwa katika ndoo yenye lita 10 za maji ya bwawa na kukorogwa. Mabonge yakionekana na kuzama katika muda wa saa moja au mbili, kipimo kinatosha. Shabu huongeza uchachu wa maji, kwa hiyo asiyetia chokaa asiiguse. Jasi ni salama zaidi kwa samaki, ila bwawa hilo hilo litataka kilo 20 au zaidi.

Wanawake wa Sudani wakaao kandokando ya Nili wanayo njia nyingine: husaga mbegu za mlonge na kuzitia katika mitungi ya maji ya mto, tope likazama. Kwa mtungi ni njia nzuri sana. Kwa bwawa zima mbegu zitakazohitajika ni nyingi mno, na heri mlonge wenyewe ubaki kuwa mboga.

Jambo linalowachanganya wengi ni kwamba maji meupe kabisa, ambayo chini huonekana, si shabaha ya mfugaji wa samaki wa kula. Meupe hivyo ni ya bwawa la maua na samaki wa kutazama. Mfugaji wa Kajjansi hutaka tope lizame ili jua liingie, kisha hutia samadi kavu ya kuku, kilo 5 kwa wiki katika bwawa la mita za mraba 100, mpaka maji yawe ya kijani. Kipimo ni mkono wake mwenyewe: huuzamisha hadi kiwiko. Vidole vikitoweka kabla maji hayajafika kiwikoni, kijani kinatosha. Vikionekana wazi, samadi iongezwe. Lakini vikitoweka mara tu kiganja kizamapo, samadi isimamishwe, na alfajiri mtu aende kutazama kama samaki wako juu wakitweta, maana ndiyo dalili ya kukosa hewa; hapo maji mapya yafunguliwe upesi.

Kazi hii ya kiwiko mara nyingi huwa ya mama au ya mtoto mkubwa, kwa sababu baba yuko kambini au zamu. Watoto wadogo wasiikaribie. Bwawa la kina cha mita moja lenye kingo za mfinyanzi huteleza vibaya, na maji ya kijani humficha mtoto upesi. Uzio wa miti na mlango wenye komeo uwekwe kabla ya siku ya vifaranga.

Siku hiyo vifaranga hufika katika mifuko yenye hewa iliyofungwa. Mfuko huachwa ukielea bwawani dakika 15 au 20, joto la maji ya ndani na ya nje lilingane. Kisha hufunguliwa na kuinamishwa taratibu, nao samaki hutoka wenyewe, mmoja mmoja, na kupotea katika kijani.