Kambi Yetu Nyuma ya Matuta ya Mchanga

Ndugu zetu wa Bukavu hutuuliza mara nyingi: «Mwafanya kazi gani huko Ubelgiji?» Tukiwajibu kwamba twakodisha majani, hucheka, wakidhani ni mzaha. Lakini ndiyo kweli yenyewe. Tuna shamba dogo huko Bredene, karibu na mji wa Ostende, kando ya Bahari ya Kaskazini. Shamba hilo halilimwi, wala ng'ombe hawalishwi humo tena. Limegawanywa vipande vipande kwa ua wa miti mifupi, na kila kipande kina namba yake, tena kisanduku cha umeme, na bomba la maji si mbali. Watu hutoka mijini pamoja na watoto wao, hulipa, hupiga hema lao au huweka karavani yao, nao hukaa siku tatu, au juma mbili, au majira yote ya joto. Wakiondoka huacha alama ya manjano juu ya majani, nasi twangoja mvua iiponye. Hiyo ndiyo kambi ya likizo, au kama wasemavyo Bukavu, kambi ya konji.

Mmoja wetu alizaliwa Bukavu, akaja Ulaya kwa masomo. Mwenzake alizaliwa papa hapa, katika nyumba ya matofali iliyo mlangoni mwa kambi. Babu yake alikuwa mfugaji. Baada ya vita kuu ya pili watu wenye baiskeli walianza kubisha hodi kwake, wakiomba pembe ya malisho wapate kulala usiku mmoja. Nyanya aliandika majina yao katika daftari la maziwa, kwa sababu hakuwa na daftari jingine. Daftari hilo twalo mpaka leo: ukurasa mmoja waonyesha lita za maziwa za juma, na chini yake majina ya watu wa Liège na wa Charleroi. Kadiri kurasa zinavyoendelea, maziwa yapungua na majina yaongezeka.

Yafaa kueleza asili ya jambo hilo, maana wengi hudhani kwamba kila Mzungu alipumzika kando ya bahari tangu zamani. Sivyo. Bahari ilikuwa ya matajiri. Mfalme Leopold II aliipenda Ostende na kuipamba kwa majumba, na msomaji wa Kongo hahitaji kuambiwa kwamba sehemu ya utajiri wake ilitoka katika mpira wetu. Kuna huko sanamu yake juu ya farasi, iliyowekwa mwaka 1931, na chini yake Wakongo wanaomshukuru. Mwaka 2004 watu wa mji walimkata mkono Mkongo mmoja wa shaba, ili wapitao wakumbuke mikono iliyokatwa kwa ajili ya mpira. Tukipita hapo na watoto wetu, twawaeleza bila kuficha, kisha twaenda kununua samaki.

Basi wachimba makaa na wafanyakazi wa viwanda vya chuma hawakuijua bahari hiyo, ingawa Ubelgiji ni nchi ndogo, na pwani yake ni kilomita 67 tu. Mwezi wa Juni 1936 waligoma kwa wingi, na mwaka huohuo sheria iliwapa likizo yenye malipo. Siku ngapi? Siku sita kwa mwaka! Lakini mtu aliyepata siku sita na mshahara mdogo hawezi kulipa hoteli. Alinunua hema. Hapo ndipo kambi kama yetu zilipopata uhai, nasi twaona kwamba zingali zafanya kazi ileile: kumpa mtu wa fedha chache nafasi ya kulala akisikia bahari.

Bredene haina barabara ya mawe mbele ya maji kama miji mingine ya pwani hii. Matuta ya mchanga yamebaki, nayo ndiyo ukuta wetu. Usiku wa 31 Januari 1953 bahari ilipanda kwa dhoruba, ikaingia Ostende na kuua watu. Ndiyo sababu twawakataza watoto kukimbia juu ya matuta nje ya njia: majani makali yanayoota pale hushika mchanga kwa mizizi yake, na mguu wa mtoto huyang'oa upesi kuliko upepo. Wazazi wengine hutuona wakali. Na watuone.

Kazi yenyewe si ya kukaa kivulini. Wakati wa baridi twayamwaga maji yote ya mabomba, kwa maana yakiganda hupasua chuma. Wakati wa kufungua, maji ya bafu hupashwa moto mpaka digrii 60, kwa sababu yakikaa vuguvugu humea ndani yake kijidudu kiitwacho lejionela, ambacho mtu hukivuta pamoja na mvuke kikamletea homa ya mapafu. Njia kati ya mahema zabaki wazi ili gari la zimamoto lipite, hata kama mgeni alalamika kwamba motokari yake iko mbali. Saa nne za usiku kelele zakoma. Upepo wa kusini-magharibi ukija, twazunguka na nyundo na vigingi virefu, kwa maana vigingi vinavyouzwa pamoja na mahema ni vifupi, havishiki katika mchanga. Tena kuna umeme. Kila kipande hupata ampea 6, yaani karibu wati 1,400. Birika la umeme hutaka wati 2,000. Basi kila asubuhi saa mbili kuna mtu anayetaka chai, na karavani yake hukatika umeme, naye huja ofisini akiwa amevaa nguo za kulalia, mwenye hakika kwamba mitambo yetu ni mibovu.

Watoto wetu husafisha vyoo kabla ya kwenda kuogelea. Binti yetu mkubwa alituuliza siku moja: «Baba, Mama, mbona likizo ya wenzangu ni kazi yangu?» Swali hilo si la kujibiwa kwa hasira. Tulikaa naye, tukapanga: kila mtoto ana siku mbili za juma ambazo hakuna anayeruhusiwa kumwita, hata choo kikifurika. Siku hizo dada na mdogo wake huenda ufukoni kuuza maua. Hiyo ni desturi ya pwani hii: watoto hutengeneza maua ya karatasi, huyapanda mchangani mbele ya kibanda kidogo, nao huyauza kwa kombe za bahari, si kwa fedha. Kila ufuko una bei yake na aina ya kombe inayokubaliwa. Tuliwaambia kwamba katika ufalme wa Kongo wa kale kombe ziitwazo nzimbu, zilizookotwa katika kisiwa cha Luanda, zilikuwa fedha halisi, zenye kusimamiwa na mfalme. Tangu siku hiyo mdogo hujiita mfalme wa Kongo, na dada yake hulipa kodi.

Wasomaji wajua methali yetu: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wageni wetu hulipa ili wasipewe jembe. Twauza siku ya kwanza, tena na tena, nao wasiwe na lolote la kufanya ila kuangalia maji yakipanda na kushuka. Kukaribisha twakujua, sote wawili tulifundishwa na mama zetu. Lakini kambi yafunguliwa kabla ya Pasaka na kufungwa tarehe 1 Novemba, na siku ya kufunga kila mtu sharti awe na nyumba ya kurudia. Kwa muda mrefu hatukufikiri sana juu ya neno hilo, nyumba ya kurudia.

Usiku wa 14 Julai 2021 mvua kubwa ilinyesha mashariki mwa nchi, na mto Vesdre ukafurika. Kwetu kulikuwa na jamaa moja ya Pepinster, baba, mama na watoto watatu. Asubuhi simu iliwaambia kwamba barabara yao haipo tena, na nyumba za jirani zimeanguka ndani ya mto. Walikuja kutulipa kwa siku zilizobaki, kana kwamba lilikuwa jambo la haraka. Mama yule alizihesabu fedha mara tatu. Tulizikataa. Walibaki mpaka mwisho wa Agosti, kisha dada yake mama akawapokea. Majuma sita hema lile, lililokuwa la kuchezea, lilikuwa ndilo nyumba. Watoto wa jirani walijua, wala hawakuimba nyimbo karibu nalo jioni.

Baada ya hapo macho yetu yalifunguka. Katika kambi za pwani wamo watu ambao hawako likizoni. Wamepoteza kazi, au mwenzi, au kodi ya nyumba imewashinda, nao wameona kwamba kipande cha majani ni nafuu kuliko chumba mjini. Sheria ya Flandria haitaki kambi ya watalii iwe makao ya mwaka mzima, na kibali chetu ni cha watu wa likizo.

Mzee mmoja, mgane, aliyekuwa mfanyakazi wa reli, alikodi kipande namba 17 kwa miaka mingi pamoja na mke wake. Mke alipofariki aliendelea kuja peke yake. Mwaka mmoja, mwezi wa Oktoba, mita ya umeme ndiyo iliyotujulisha: jiko lake la umeme lilikuwa likiwaka kila usiku, hata siku alizotuambia kwamba yuko kwake Gent. Kwake Gent hapakuwapo tena. Tulimwendea jioni. Alituwekea viti viwili, akajibu kabla hatujauliza: «Sitawasumbua. Nitakaa kimya. Maji nitayachota kwa ndoo.»

Usiku ule sisi wawili hatukupatana. Yule wa Bukavu alisema kwamba mtu hamwondoi mzee mlangoni wakati wa baridi, sheria au si sheria, na kwamba mama yake akisikia habari hiyo atakufa kwa haya. Yule wa Bredene alikumbuka jambo la utotoni mwake: asubuhi moja ya Januari baba yake alimkuta mtu amezimia ndani ya karavani iliyofungwa madirisha yote, kwa hewa ya sumu ya jiko la gesi, ile isiyo na harufu. Mtu yule aliponea chupuchupu. «Nikimwacha abaki,» alisema, «kila asubuhi nitakwenda kugonga mlango wake nikiogopa ukimya.» Tuliona kwamba wote wawili tulisema kweli, na kwamba kweli hizo mbili hazitoshi katika karavani moja.

Ila kambi ni kambi, na nyumba ni nyumba. Juu ya ofisi tuna chumba kimoja katika nyumba yetu wenyewe, na hakuna sheria inayokataza mtu kumlaza mgeni nyumbani mwake. Mzee alihamia humo. Kila komune ya Ubelgiji, tangu sheria ya mwaka 1976, ina ofisi ya msaada kwa wenye shida. Tulikwenda naye, tukajaza karatasi, tukarudi, tukajaza nyingine. Nyumba za bei nafuu ni chache na watu huzingoja miaka. Yeye alipata chumba huko Ostende baada ya majuma sita, kwa sababu ya umri wake na kwa sababu hakuchoka kurudi. Na katika majuma hayo, siku ya tatu, alishuka asubuhi akauliza makasi ya kukatia ua wa miti yako wapi. Hatukumpa jembe, alilitafuta mwenyewe. Hata sasa huja kwa tramu kuona kama tumekata vizuri, na kwa kawaida haoni hivyo.

Mwaka huu ni mama mwenye mtoto wa miaka tisa. Alifanya kazi jikoni mwa hoteli majira yote ya joto, na kazi ikaisha pamoja na wageni. Hema lao ni jembamba, na usiku sasa ni wa baridi kali. Hakutuambia neno, lakini mtoto huingia shule ya hapa Bredene kila asubuhi, nasi twajua mtoto wa likizo haendi shule ya kijiji. Jumatano tuna miadi ya kwenda naye ofisi ya komune, tukichukua barua ya mwajiri wake na vyeti vya mtoto. Mabomba yatamwagwa tarehe 1 Novemba, wala tarehe hiyo haisogei, maana baridi haijui kusoma kalenda ya mtu.

Chumba cha juu kiko tupu. Binti yetu, aliyekitaka kwa masomo yake, ametoa vitabu vyake bila kuambiwa. Jana mtoto yule alituuliza kama dirisha lake laelekea bahari. Tulimjibu kwamba hapana, laelekea vyoo vya kambi, lakini upepo ukitoka magharibi mawimbi husikika.